Ramani ya Wasichana Kumi na Wanne

Watu wa Tunduma wamezoea kuulizwa maswali. Forodha wanauliza, uhamiaji wanauliza, askari wa barabarani anauliza hata lile ambalo hataki lijibiwe, na wabadilisha fedha wanakuuliza unakwenda au unarudi kabla hujakanyaga chini. Kwa hiyo mwaka ule wa 2013, mradi wa utafiti wa tabia hatarishi kwa vijana ulipofika, hakuna aliyeshtuka. Kilichowashangaza watu ni waulizaji wenyewe. Hawakuwa wazee wenye miwani kutoka chuo kikuu. Walikuwa vijana wa hapahapa, wengine kidato cha nne kiliwatupa mkono, na mmoja wao alikuwa Scola, binti wa Anastazia muuza chakula, ambaye mji mzima ulimwita Mama Scola.

"Kijana humficha mtu mzima," alieleza Dada Justina, mtafiti mkuu, siku ya kwanza ya semina. "Kijana mwenzake hamfichi. Ndiyo maana safari hii mtauliza ninyi."

Dada Justina alitoka Dar es Salaam. Alivaa raba na sketi ndefu, na alikuwa na tabia ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho, jambo ambalo kwa wengine lilikuwa geni. Kwa siku tano aliwafundisha kuuliza bila kukunja uso, kunyamaza mtu anapolia, na kuandika namba badala ya jina. Siku ya tano wakala kiapo cha usiri. Kulikuwa na sharti moja ambalo Scola alilisoma mara mbili: mtafiti haruhusiwi kumhoji mtu anayeishi naye nyumba moja.

Sharti hilo lilimwondoa Ruti. Ruti alikuwa na miaka kumi na saba, mtoto wa dada yake Mama Scola wa kule Iyula, na kwa mwaka mzima alikuwa akilala kitanda kimoja na Scola. Alipoambiwa kwamba yeye hahusiki na utafiti, alisema tu, "Sawa, dada," akaendelea kukwangua ukoko wa ugali.

Mama Scola aliipokea kazi ya binti yake kama posa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa mikono, mwenye sauti ya kufika mbali. Kila mteja aliyeketi kwenye benchi lake alipewa habari pamoja na maji ya kunawa.

"Mwanangu ni mtafiti."

"Anatafiti nini, mayo?" aliuliza dereva mmoja Mzambia, akimwita mama kwa Kibemba.

"Anatafiti vijana wenu hawa, wanaoharibika."

Banda lake lilikuwa la mabati, hatua chache kutoka foleni ya malori. Foleni ile wenyeji hawaihesabu tena. Lori linaweza kukaa siku mbili, siku nne, linasubiri karatasi, na dereva haachi mzigo wake akaenda kukaa mezani kama bwana harusi. Anakula palepale kabini. Kwa hiyo mama lishe wote wa upande ule walikuwa na wasichana wa kupeleka chakula, na hapo ndipo riziki ilipokuwa. Mama Scola alijisifu kwamba wa kwake anawalea. Kila asubuhi aliwaambia, "Usipande kabini. Simama chini, mpe mtu chakula chake, kwisha." Wenzake hata hilo hawakusema.

Mchana mmoja, katika wiki ile ya semina, Scola alikuwa anamsaidia mama yake kuosha vyombo. Ruti alirudi na beseni kichwani.

"Sahani moja haipo," mama alisema bila hata kugeuka. Alikuwa na jicho la sahani. Zilikuwa za bati, nyeupe, zenye ua jekundu, alizinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa jasho lake, na msichana aliyepoteza moja alikatwa mshahara.

"Bado anakula, mama mdogo."

"Wali gani huo usioisha? Karudi. Usije hapa bila sahani."

Ruti alisimama kidogo, kisha akageuka akarudi kwenye foleni. Scola alimwona anavyokwenda polepole, akadhani ni jua.

*

Zoezi la ramani lilifanyika Jumamosi, kwenye darasa la shule ya msingi. Wasichana walikuwa kumi na wanne. Scola ndiye aliyekuwa kiongozi wa kundi, na Zabron, kijana wa bodaboda aliyepata kazi pamoja naye, alikaa nje ya mlango na daftari la kuandikia matokeo, kwa sababu mwanamume hakutakiwa mle ndani.

Waliunganisha karatasi kubwa nne kwa gundi na kuzitandaza sakafuni. "Choreni kila mahali mnapopita kwa wiki," Scola alisema. Wakachora. Stendi, soko, kanisa, msikiti, mageti ya mpaka, baa tatu, nyumba za wageni tano, uwanja wa mpira. Foleni ya malori waliichora kama nyoka mrefu. Kando ya nyoka, msichana mmoja akachora mraba mdogo wenye moshi juu.

"Hapa pa nani?" mwenzake aliuliza.

"Kwa Mama Scola."

Wakacheka kidogo, wakamtazama Scola. Naye akacheka. Alijisikia vizuri kuona banda lao limewekwa pamoja na kanisa na stendi.

Kisha zikaja punje. Kila msichana alipewa punje tano za mahindi. Ramani ilizungushiwa kanga zilizotundikwa kwenye kamba, na mmojammoja aliingia nyuma ya kanga peke yake, akaweka punje zake mahali ambapo amewahi kutendewa vibaya au anapoogopa kufika. Angeweza kuzitawanya, angeweza kuzilundika pamoja. Hakuna aliyemwona. Kila mchoro ulifunikwa kwa kipande cha gazeti, na msichana alipenyeza punje zake chini yake, ili anayefuata asifuate mkumbo.

Mwisho wakatoka nje wote kunywa soda, na Scola akabaki nyuma ya kanga peke yake kuhesabu.

Alifunua magazeti. Nyumba za wageni: kumi na sita kwa jumla. Baa: kumi na nne. Stendi: saba. Foleni: sita. Uwanja wa mpira: nne. Alipofunua kipande cha gazeti kilichokuwa juu ya ule mraba wenye moshi, alidhani ameona vibaya. Mahindi yalikuwa yamejaa mpaka mchoro haukuonekana. Akahesabu. Akarudia. Ishirini na tatu.

Alikaa chini. Kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa mama yake. Kilikuwa chungu cha maharage kilichokuwa jikoni saa hiyohiyo, na kodi ya chumba, na sare za wadogo zake wawili waliokuwa bado shule. Watu wakijua, nani atakula pale? Halafu ndipo akamfikiria mama, na aibu, na ile sauti yake ya kufika mbali.

"Scola," Zabron aliita kutoka mlangoni. "Nitajie, niandike."

Kutoka kwenye mraba mpaka kwenye nyoka palikuwa na nafasi ya shubiri moja. Scola aliweka kiganja chake juu ya zile punje, akazisukuma. Mahindi yalikwaruza karatasi. Punje moja ilibaki pale kwenye moshi, akaisukuma nayo kwa kidole.

Kwani ni uongo? alijiambia. Kama kuna ubaya, si unatokea huko kwenye malori? Bandani kwetu kuna nini zaidi ya masufuria?

"Foleni ya malori," alisema kwa sauti, "ishirini na tisa."

"Duh," alisema Zabron, akaandika.

*

Mkutano wa mrejesho ulifanyika kwenye ukumbi wa kata. Walikuja viongozi wa dini, wafanyabiashara, wenye baa waliokaa karibu na mlango, na mama lishe wawili walioalikwa. Mama Scola alikuwa mmojawapo. Alivaa kitenge kipya, akakaa mstari wa mbele, akapewa soda ya baridi, akaishika kwa leso ili isimlowanishe.

Scola aliieleza ramani kwa kijiti. Sauti yake haikutetemeka, na hilo baadaye ndilo lililomsumbua zaidi. Alipofika kwenye foleni akasema ishirini na tisa, ukumbi ukaguna.

Mtendaji wa kata, Bwana Jairo, alisimama na kufunga kifungo cha koti. "Takwimu hazidanganyi," alisema. "Tatizo tumeliona. Mabinti wanazurura kwenye foleni. Kuanzia Jumatatu, msichana yeyote atakayekutwa kule, mgambo wamlete ofisini. Tutawarudishia wazazi wao wawafunze adabu."

Dada Justina alinyanyua mkono, akasema kwamba wasichana ndio walioeleza wanakotendewa mabaya, na kwamba haikuwa maana ya utafiti kuwakamata wao. Mtendaji akamwambia asiwe na wasiwasi, huku mpakani wanajua mambo yao. Watu wakapiga makofi. Mama Scola alipiga kuliko wote, soda ameibana magotini. Hata hakuwaza kwamba agizo lile linamhusu. Wasichana wake walikuwa na kazi, walijulikana. Ndivyo tulivyo wote, nyani haoni kundule.

Baada ya mkutano Scola alibaki akipanga viti. Msichana mmoja wa lile kundi alikuja kumsaidia bila kuombwa. Aliitwa Mwanaisha, alikuwa na miaka kumi na minane, na mwaka uliotangulia alikuwa amefanya kazi bandani kwa Mama Scola miezi mitatu, kisha akaacha ghafla.

"Dada," alisema, "hivi ile ramani ni yetu sisi?"

"Ni yenu."

"Maana mimi nilikuwa na punje tano. Zote tano nilimwekea mama yako."

Scola alikuwa ameshika kiti. Hakukiweka chini wala hakukibeba.

"Hutakiwi kuniambia ulikoweka, Mwanaisha. Ni siri yako."

"Ilikuwa siri yangu," Mwanaisha alisema. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Nilidhani kwa sababu ni wewe, utamfikishia."

*

Jumatano, saa nane mchana, mgambo walimkamata Ruti kwenye foleni akiwa na beseni kichwani.

Habari ilimkuta Mama Scola akikoroga ugali. Aliuacha uungue. Walipofika ofisi ya kata, yeye na Scola, walimkuta Ruti ameketi sakafuni na wasichana wengine sita, viatu vimevuliwa vimepangwa ukutani. Juu ya meza ya mtendaji, kando ya mhuri na faili, zilipangwa sahani za bati zenye ua jekundu, kama kidhibiti cha kesi.

"Mheshimiwa, huyu ni mtoto wangu," alisema Mama Scola. "Anapeleka chakula."

"Wote hawa wanapeleka kitu, mama."

"Lakini mimi unanijua."

"Nakujua sana. Si ulikuwa mstari wa mbele? Si ulipiga makofi?"

Mgambo aliyekuwa mlangoni akacheka kwa pua. Mama Scola aliona haya, na haya ikamtoa maneno ambayo mtu akitulia hayasemi. "Nilipiga makofi kwa ajili ya malaya, siyo kwa ajili ya watoto wangu."

Msichana mmoja pale sakafuni aliinua uso akamtazama. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na tano hivi, ana karanga kwenye ndoo. Mama Scola aliyaona macho yale, akayakwepa akatazama sahani.

Alilipa faini, akaweka sahihi kwenye karatasi iliyosema kwamba amemwonya binti yake dhidi ya uzururaji. Kisha akazikusanya sahani, akazihesabu kwa mazoea.

"Zilitoka sita. Hizi ni nne."

"Mbili ziko juu ya gari, mama mdogo," alisema Ruti, akivaa viatu. "Limeshavuka."

"Limevuka na sahani zangu!"

Njia nzima Mama Scola hakuacha kusema. Alimsema mtendaji, akawasema mgambo, akazisema sahani. Ruti alitembea mbele na beseni lake. Scola alitembea nyuma, na kila hatua aliona kwamba mdogo wake amekalishwa sakafuni kwa ajili ya shubiri moja ya karatasi.

*

Bandani wateja walikuwa wameshaondoka. Ruti aliinama kwenye beseni akaanza kuosha zile sahani nne, ingawa zilikuwa safi.

"Mama," alisema Scola, "zile punje sikuzikuta kwenye foleni."

"Punje gani tena?"

"Za ramani. Ishirini na tatu. Hazikuwa kwenye foleni. Nilizihamisha."

"Ulizitoa wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa bandani, mama. Walichora banda letu, wakaliwekea punje kuliko baa, kuliko stendi. Mimi nikazisukuma pembeni. Ndiyo maana Ruti kakamatwa."

Mama Scola alikaa kwenye gunia la mkaa. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa alisimama tena.

"Nani walioweka?"

"Sijui. Na ningejua nisingekwambia. Nilikula kiapo."

"Unakula kwangu, unalala kwangu, unaniambia hutaniambia? Hicho kiapo kinapika?"

"Hakipiki, mama."

"Watoto niliowalisha! Mimi peke yangu hapa mtaani ninayewaambia wasipande magari. Mimi! Mungu ni shahidi yangu. Ruti, hebu sema mbele ya dada yako. Nimewahi kukutuma upande kabini?"

"Hapana, mama mdogo."

"Umesikia?"

"Ulisema tusipande," Ruti aliendelea, macho kwenye maji. "Ukasema pia tusirudi bila sahani. Dereva akishamaliza kula hashuki. Anakwambia sahani iko huku juu, njoo uichukue. Ukisimama chini anakuacha usimame. Ukirudi bila hiyo sahani, unakatwa. Ukipanda, mlango unafungwa."

Aliisuuza sahani ya mwisho, akaifunika juu ya zile nyingine, akaenda kumwaga maji.

Mama Scola alilitazama lile rundo dogo la sahani, kisha akachukua kanga yake akatoka, na Scola akaona kwamba mama yake ametembea kuelekea nyumbani bila kufunga banda, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu alijenge.

Siku iliyofuata alipika kama kawaida, lakini hakumtuma msichana. Alibeba beseni mwenyewe. Magoti yake hayakuwa ya kutembea foleni nzima, na chakula kilifika kimepoa. Dereva wa tatu alimwambia, "Mayo, wewe kaa jikoni, tuletee wale wasichana." Akacheka, na utingo wake akacheka. Mama Scola alirudi na wali uliobaki. Jirani yake, Mama Uledi, alikuwa ameshawatuma wasichana wake upande wote ule, mgambo wakiwa wamekwenda kula, na jioni hiyo sufuria la Mama Uledi lilikuwa tupu.

*

Scola alimkuta Dada Justina kwenye chumba alichopanga, akiwa na ile ramani imekunjwa mezani. Alimweleza yote akiwa amesimama. Alikuwa ameamua asilie, na kwa bahati hakulia.

Dada Justina alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaikunjua ramani, akaweka kidole kwenye ule mraba. Hapo karatasi ilikuwa na mkwaruzo mwembamba tu.

"Hesabu ya kundi zima imeharibika," alisema. "Siwezi kutumia hata namba moja."

"Najua."

"Na siwezi kukuacha kazini, Scola."

"Najua, dada."

"Unajua kinachoniuma? Mimi ndiye niliyesema watafiti wawe vijana wa mtaa huohuo. Nikaandika kwamba mtawajua wenzenu, na wenzenu watawajua. Nikaona faida tupu. Sikukaa nikajiuliza mtoto wa mtu atafanya nini akimkuta mama yake kwenye ramani." Akaanza kuikunja ramani. "Kundi tutalirudia. Zabron hawezi kuingia ndani, nitamweka Conjesta, mtafiti mwenzenu. Na leo hii nakwenda kwa mtendaji kumwambia agizo lake limejengwa juu ya hesabu ya uongo."

Scola alifika mlangoni, akageuka.

"Dada, kama mimi si mtafiti tena, basi Ruti si mtu wa nyumbani kwa mtafiti."

Dada Justina alimtazama.

"Ana miaka kumi na saba," alisema. "Atahitaji fomu ya ridhaa. Mlezi wake atie sahihi."

Mlezi wake alikuwa Mama Scola. Scola alimpelekea fomu bandani, saa ambayo zamani ingekuwa ya pilika na sasa ilikuwa ya nzi. Mama aliisoma mwenyewe, midomo ikicheza. Alisoma vizuri kuliko alivyoandika.

"Hapa wanasema mtoto ataeleza mambo yaliyomkuta, na mimi sitaonyeshwa."

"Ndiyo."

"Na anaweza kuniwekea mimi."

"Anaweza."

"Nikikataa?"

"Haingii."

Mama Scola aliweka fomu juu ya goti. Upande wa pili wa barabara lori lilikohoa, likasogea hatua mbili, likasimama. Kukataa kulikuwa rahisi mno. Kulikuwa ni kumrudishia mtu karatasi yake. Siku mbili tatu, mgambo watachoka, wasichana watarudi na mabeseni, na wadogo wa Scola watakwenda shule na viatu. Scola alijua kwamba mama yake anayawaza hayo, kwa sababu na yeye aliyawaza siku ile nyuma ya kanga.

"Kalamu," alisema mama.

Aliandika jina lake lote, Anastazia, kwa herufi kubwa, kama mtu anayeandika kwenye cheti.

*

Jumamosi iliyofuata zoezi lilirudiwa kwenye darasa lilelile. Scola hakuruhusiwa kuingia. Alikaa nje, kwenye benchi lililo chini ya dirisha, na mama yake alikuja akakaa pembeni yake. Hakuwa amesema kwamba atakuja. Alikuwa amefunika moto na kuwaacha wateja, na hakutoa sababu.

Wasichana walipita mbele yao wakiingia. Mwanaisha alipita, akasema "Shikamoo, mama," na Mama Scola akaitika "Marahaba," taratibu, akimsindikiza kwa macho mpaka alipopotelea ndani. Alikuwa ameanza kuhesabu kitu kingine sasa, nani aliwahi kumfanyia kazi na nani aliondoka bila kuaga. Walikuwa wengi. Aliwahi kuwaita wavivu.

Ruti alikuwa wa mwisho. Alikaa nyuma ya kanga muda mrefu kuliko wote, mpaka Zabron pale mlangoni akatazama saa mara mbili. Alipotoka alikuja moja kwa moja kwenye benchi, akasimama mbele yao, mikono ameishika nyuma.

"Umeziweka?" aliuliza Mama Scola.

"Mama, hairuhusiwi kuuliza," alisema Scola.

"Siulizi wapi. Nauliza kama ameziweka."

"Nimeziweka, mama mdogo. Zote."

Saa saba ilikuwa imefika, saa ya chakula. Foleni ilikuwa imerudi nyuma mpaka Chapwa, na kutoka pale shuleni ungeweza kuwaona wasichana wa Mama Uledi wakikatiza katikati ya magari. Mama Scola aliwatazama mpaka wakafichwa na matela. Kisha akajisogeza ukingoni mwa benchi, akaacha nafasi kati yake na binti yake.

"Kaa hapa," alisema.

Ruti akakaa.

"Mimi sina fomu, wala sijui kuuliza vizuri kama hawa. Lakini niambie. Anza na siku ya kwanza kabisa."

Ruti alikitazama kitambaa cha sketi yake.

"Siku ya kwanza nilikwambia, mama mdogo."

"Uliniambia?"

"Jioni yake. Nilikwambia kwamba yule dereva wa gari la kubeba shaba alifunga mlango. Ukaniuliza sahani iko wapi. Nikakupa, ukaiangalia kama haijabonyea, ukaniambia niioshe."

Scola aliushika mkono wa Ruti. Mama Scola alikumbuka, au alitafuta kukumbuka na hakupata kitu, na hilo la pili lilikuwa baya zaidi. Machozi yalimtoka hapohapo mbele ya Zabron na daftari lake, wala hakuyafuta.

"Niambie tena," alisema.